Kisiki cha Mpakani

Baba yangu wanamwita Daktari wa Meno, ingawa hajawahi kushika jino la mtu. Kazi yake ni kung'oa visiki. Mwenye shamba akishahangaika na kisiki chake, majembe yamevunjika mipini, trekta limekata mnyororo, ndipo anapotuma mtu kuja kumwita baba. Naye huenda na sururu, mashoka mawili, mtaimbo na madebe ya maji. Hukizunguka kisiki mara moja, kisha huvua shati.

Watu wengi huanza na shoka. Hao baba huwaita wachinjaji. Yeye kwanza huchimba mtaro kuzunguka kisiki, halafu huimwagia mizizi maji mpaka udongo wote uoshwe, maana mchanga kidogo tu unatosha kuua makali ya shoka. Mizizi midogo huikata, mikubwa huifuata. Huifuata hadi inapoishia, hata ikimpeleka chini ya banda la kuku la jirani. Husema ukiacha kipande umeacha mjukuu, na kwa mkaratusi hilo ni kweli tupu: unaukata leo, msimu ujao umechipua kana kwamba hujaugusa. Kwa hiyo hakuna anayebishana na baba juu ya mizizi. Hapo ndipo balaa letu lilipoanzia.

Baba ana mdogo wake mmoja, wa tumbo moja. Babu alipowagawia shamba alisimika jiwe la mpaka, jiwe refu la kuchongwa, lenye alama ya patasi kichwani. Wakati huo baba alikuwa mbali, anazunguka na visiki vya watu, akirudi mara moja kwa mwaka. Jiwe alilionyeshwa siku moja tu, jioni, akaondoka tena. Aliporudi kukaa moja kwa moja, babu alikuwa kaburini, jiwe halionekani, na baba mdogo amejenga jiko lake mahali ambapo baba aliamini ni kwake. Akasema mdogo wake amelihamisha jiwe. Mzozo ukafika barazani.

Nilikuwepo siku hiyo, binti wa miaka kumi na tisa, nimejibana benchi la nyuma. Baba mdogo alieleza kwa utulivu kwamba babu alipanda mkaratusi kando ya jiwe ili lisipotee kwenye majani, na mti ulivyonenepa ukalimeza. Jiwe liko chini ya mti, akasema. Wajumbe wakamgeukia baba, wakamuuliza kwa kuwa ni fundi wa visiki, wakasahau kwamba ndiye mlalamikaji. Baba akasimama, akajibu kwamba mzizi husukuma jiwe nje, haulimezi. Lingekuwa hapo lingeonekana. Akaapa kwa kaburi la mama yao. Alisema alichokiamini, nataka hilo lieleweke. Lakini baba anaijua miti ikishakatwa. Ikiwa hai inavyokua, hakuwahi kuwa na habari nayo.

Watu waliangua kicheko, mti unakula mawe! Mimi nami nilicheka. Baba mdogo akapoteza hatua ishirini za ardhi, jiko lake likabomolewa, na akapachikwa jina la Mla Mpaka, nalo likamganda kama kupe. Mwaka huohuo akahamia ng'ambo ya mto na mkewe. Mama mdogo alipofariki, miaka kumi baadaye, tulikwenda mazikoni tukasimama nyuma kama wapita njia.

Hizo hatua ishirini ndizo baba alizonipa mwaka huu. Nilikuwa nimerudi nyumbani kutoka kwenye ndoa iliyonishinda, na watoto wawili na magodoro matatu, nikalala chumba cha mbele cha wazazi miezi saba. Mwenye kulala sebuleni kwa watu ndiye ajuaye thamani ya mlango wa kufunga. Nilifyatua matofali yangu mwenyewe. Msingi wa vyumba viwili ukachimbwa, mkaratusi ukakatwa ukauzwa nguzo, kikabaki kisiki chake, kipana kuliko meza yetu ya kulia. Baba akasema hicho ni zawadi yake kwangu, hataki nimlipe hata chai.

Siku ya nne, asubuhi, alikuwa ndani ya shimo hadi kifuani, mimi nikimletea maji. Sururu ikagonga kitu, ikalia. Baba akaiweka pembeni, akaniomba debe, akamwaga polepole.

Mwanzoni niliona mizizi miwili minene kama mapaja, imekumbatiana. Kisha maji yakaosha katikati yake, na kitu cha kijivu kikajitokeza, kimebanwa huku na huku, mti umekifunika mabega. Baba akapapasa kwa kidole gumba. Alama ya patasi ilikuwa palepale. Jiwe lilikuwa wima, halijasogezwa hata unywele.

Debe likaniponyoka likabingirika hadi kwenye mtaro wa msingi wangu. Wahenga walisema mchimba kisima huingia mwenyewe, lakini sikutegemea kumuona baba yangu akiwa shimoni hasa. Alilitazama lile jiwe, akanitazama mimi, akalitazama tena. Sikuwa nimewahi kuona uso wa mtu ukizeeka mbele ya macho yangu.

Nitasema ukweli wangu, hata kama unanitia aibu. Sikumfikiria baba mdogo. Nilifikiria matofali.

"Baba, tufukie," nikamwambia. "Hakuna aliyeona."

"Kamwite baba yako mdogo."

"Na nyumba yangu?"

"Kamwite, mwanangu."

Nilivuka daraja nikiwa na hasira za kumchoma mtu. Njia nzima nilitunga uongo: nitasema sikumkuta, nitasema anaumwa. Nilimkuta mlangoni anasuka kiti cha kamba, miwani imefungwa uzi. Nilipomwangalia vidole vile, vilivyo sawasawa na vya baba, uongo wote ulinishinda. Nikamwambia jiwe limeonekana, liko chini ya mti. Aliendelea kukaza kamba mpaka akafika mwisho wa mstari, akaifunga fundo. Kisha akachukua kofia. Akatangulia darajani.

Baba alikuwa bado shimoni. Hakuwa ametoka wala kuvaa shati. Alipomuona mdogo wake amesimama ukingoni alishika ukingo kwa mikono miwili. Akasema ardhi ni ya mdogo wake, msingi tutaufukia leo hii. Akasema atakwenda barazani kukanusha kiapo chake mbele ya watu, na atapita nyumba kwa nyumba kulifuta lile jina. Akamwomba radhi. Alimwita "ndugu yangu", neno ambalo sikuwa nimelisikia kinywani mwake miaka kumi na minne.

Baba mdogo alichuchumaa ukingoni akalitazama jiwe. Nilimsubiri acheke au atukane, na lolote kati ya hayo lingekuwa nafuu kwetu.

"Ardhi nitachukua," alisema. Akavua miwani akaifuta kwa shati. "Mama watoto, siku yake ya mwisho pale hospitali, aliniuliza jiwe nilikolificha. Nikamwambia liko chini ya mti. Akanishika mkono, akasema, 'Hata leo, mume wangu, bado unanidanganya?'"

Baba aliketi humohumo shimoni, kwenye tope, na hakuna kati yetu aliyempa mkono atoke.