Plasta kwenye Paji la Crisanto

Saa tatu asubuhi meli ya abiria imeshaiacha gati ya Iloilo, na Crisanto Magbanua amesimama kwenye sitaha, kipande cha plasta kikiwa kimebandikwa katikati ya paji la uso wake. Mama mmoja mwenye kikapu cha maembe anamkodolea macho.

"Umeumia, baba?"

"Hapana, Manang," anajibu, kwa neno la heshima la dada mkubwa. "Naenda kwenye usaili wa kazi."

Mama anajizuia kucheka, anashindwa.

Crisanto ana miaka arobaini na minne. Kwa miaka kumi na tisa amepika batchoy, ile supu ya tambi na ini, kwenye kibanda cha soko la La Paz, hukohuko Iloilo, kwa peso 480 kwa siku. Anataka kupika kwenye meli ya mizigo. Cheti anacho, na daktari ameshampitisha. Lakini kampuni anayoiendea Manila haichukui mpishi mpya aliyefikisha miaka arobaini na mitano, na yeye anaifikisha mwezi ujao.

Hii ni safari yake ya tatu. "Nikianguka tena, basi," anasema. "Narudi kwenye sufuria yangu, na mtu asiniulize habari za meli."

Mara mbili amekaa mbele ya skrini katika ofisi ya kampuni, nahodha wa Kizungu akimhoji kutoka huko aliko. Mara mbili karatasi imerudi na maneno yaleyale: hajibu maswali.

"Nilitaka kulia," anasema. "Maswali yote nilijibu! Hata moja sikuliacha."

Aliyeligundua tatizo ni Purita Dadivas, mlinzi wa mlangoni pale ofisini. Miaka kumi na mmoja amekuwa akiwatazama watu wakihojiwa nyuma ya kioo. Sauti hazimfikii, lakini nyuso anaziona vizuri. Siku Crisanto alipotoka mara ya pili, kichwa chini, Purita alimvuta pembeni, akamwita kwa lile jina la kumbembeleza mdogo wako huku visiwani.

"Toto, swali la mwisho alikuuliza nini?"

"Kama nimewahi kulisha watu wengi kwa mpigo."

"Ukasemaje?"

"Si nilimwambia ndiyo, Manang."

"Kwa mdomo?"

Crisanto akanyanyua nyusi.

"Haya! Ndivyo ulivyofanya," Purita akapiga paja. "Yule hana habari na nyusi zako. Kwao nyusi ni nywele tu. Yeye anangoja, wewe unangoja, mnatazamana kama wachumba!"

Visiwani huku nyusi zikipanda mara moja, hiyo ni ndiyo, na hakuna anayeiwaza. Muuza samaki hujibu hivyo, na padri vilevile. Crisanto mwenyewe alioa kwa jibu la namna hiyo. "Nilimuuliza Nelfa, akapandisha nyusi, nikaenda kutafuta ng'ombe wa harusi."

Purita alichomoa plasta kwenye sanduku la huduma ya kwanza, akambandika. Ikivuta ngozi, alimwambia, ujue nyusi zimeshapanda, na mdomo uzifuate. Kisha akaongeza jambo la pili: "Na ukishasema ndiyo, usinyamaze. Ndiyo kila mtu anayo. Mpe kisa kilichokukuta wewe, kifupi, halafu funga."

Kwa wiki tano Crisanto alijifunza kibandani, bakuli mkononi.

"Nong Santo, ini lipo?" dereva mmoja aliuliza, akimwita kaka mkubwa kwa heshima.

"Ndiyo, ini lipo. Limekatwa leo asubuhi, na nitakuwekea vipande vinne."

"Loo! Nimeuliza ini, sikuomba hotuba."

"Mwacheni," Nelfa alisema kutoka kwenye karai la vyombo. "Miaka ishirini nimelala na bubu. Sasa nimepata redio, naomba nisikilize."

Usaili wenyewe, siku iliyofuata ile safari ya meli, ulichukua dakika kumi na nne. Purita alisimama nyuma ya kioo, mikono mgongoni.

Nahodha aliuliza kama anaweza kupika meli ikiyumba. Plasta ikavuta. Nahodha akangoja. Crisanto akafungua mdomo.

"Ndiyo, Kapteni," akasema. "Mwaka wa kimbunga maji yaliingia sokoni mpaka magotini. Nilijaza sufuria nusu tu, nikaifunga kwa kamba kwenye nguzo. Supu niliiacha, nikapika uji wa mchele na tangawizi, kwa sababu uji haumwagiki upesi. Watu sitini walikula, na hakuna aliyeungua."

Nahodha akaandika kwa muda. Kisha akainua kichwa. "Na hicho kwenye paji lako?"

Crisanto akaona bora aseme kweli, akaeleza yote, nyusi na plasta na mlinzi.

Nahodha akaweka kalamu chini. "Nina Wafilipino tisa melini," akasema. "Miaka minne nawauliza mambo, wananitazama tu. Nilidhani wananichukia."

Crisanto alichukuliwa, si kama mpishi bali msaidizi wa mpishi, kwa mkataba wa miezi tisa. Alipanda meli siku kumi na mbili kabla ya kutimiza miaka arobaini na mitano. Anatumaini kushika jiko lote mkataba wa pili, kisha kurudi La Paz na kufungua kibanda chake mwenyewe.

Nelfa ndiye anayepika kibandani sasa. Supu yake ina chumvi zaidi, na wateja wamebaki. Purita bado yuko mlangoni, plasta zikiwa kwenye mfuko wa sare. Nahodha amejifunza kunyanyua nyusi, ingawa mara nyingi huzinyanyua pasipo pake, na mabaharia humwacha.

Jumapili iliyopita Nelfa alimuuliza mumewe kwa simu ya video kama atakuwa nyumbani Januari, wakati wa sikukuu. Crisanto alinyanyua nyusi. Nelfa akakata simu, akaenda kuwaambia watoto.