Zana ya Kutuma Trekta

Shemeji wangu alisema siwezi. Alisema mbele ya watu, tukinywa chai kwake Kapseret, kwamba mtu aliyekuwa akifungulia wageni milango ya hoteli kule Qatar hawezi kurudi Eldoret akaishi kwa kuandika maneno kwenye kompyuta. "Na uliyo nayo ni diploma tu, bro. Wenye digrii wanaendesha boda." Hata hivyo alinikopesha laptopu yake ya zamani, baada ya kuipiga picha pande zote nisije nikamrudishia nyingine. Mwenye duka alinipa bando la intaneti kwa deni. Kina mama wa kanisa waliniazima meza, wakauliza nitairudisha lini kabla sijaibeba.

Sikuwalaumu. Mimi mwenyewe simwamini mtu, na ndiyo maana naiweza kazi hii ya kuziandikia programu za AI maelekezo kuliko wengi waliosoma zaidi yangu.

Mama mmoja wa eneo la Ziwa ana mashine ya kukausha mahindi, inayovutwa na trekta shamba hadi shamba. Kampuni fulani ilimwekea ajenti wa AI, yaani programu ya kujibu meseji za wakulima yenyewe. Ajenti huyo alipewa zana mbili: moja ya kuangalia ratiba, nyingine ya kutuma trekta. Akipata meseji, huchagua zana kwa kusoma maelezo yake mafupi tu. Haoni shamba wala mawingu.

Mama aliniita akiwa amekasirika. Trekta lilikuwa limekokota mashine hadi eneo la Turbo, zaidi ya mara moja, likakuta mahindi bado yamesimama shambani. Huku Ziwa mahindi yaliyopukuchuliwa yalikuwa juu ya turubai, na mvua inanyesha kila alasiri.

"Dereva wangu anakula na watu wa Turbo," alisema. "Na wewe nitajuaje hujatumwa na hao hao?"

"Huwezi kujua, Mama. Nionyeshe meseji zao."

"Soma. Lakini safari nyingine ya bure, hii kitu nazima, na wewe urudi Qatar."

Nilisoma nikitafuta hongo. Nilichokuta ni hiki: "Habari ya asubuhi. Mashine inaweza kufika kwangu lini?" Basi. Mtu yeyote wa huku anajua hilo si ombi. Mkulima wetu huanza kuulizia mashine mahindi yakiwa bado mabichi. Anapima upepo tu. Ajenti hakulelewa huku, akatuma trekta. Maelezo ya zana ya kutuma yalisema, "Hushughulikia mashine." Ya ratiba yalisema, "Mambo ya mashine." Aliyeyaandika alimwamini msomaji wake kupita kiasi.

Dereva akawa hana kosa, ingawa sikuacha kumtupia jicho.

Niliketi kwenye meza ya kanisa nikaandika upya, kama mtu anayemwachia mgeni funguo za nyumba: "Zana hii hutuma trekta kwelikweli; likishaondoka, huwezi kuliita lirudi. Itumie tu mkulima akisema mahindi yamepukuchuliwa na anataka mashine ije. Akiuliza tu lini au wapi, tumia zana ya ratiba. Asiposema mahindi yako katika hali gani, muulize. Usikisie. Mahali: andika kijiji na shule iliyo karibu, si jina la soko peke yake."

Mama hakutaka hotuba yangu. Aliazima simu ya jirani ili ajenti asimtambue, akaandika kwa ujanja: "Mko na mashine? Niko Turbo, mahindi ni mengi sana." Tukasubiri, macho yetu yote kwa trekta.

Jibu likaja: "Ndiyo, ipo. Mahindi yako yameshapukuchuliwa, au bado yako shambani?"

"Wee!" Mama akaisoma tena. "Sasa hii inauliza kama mama mkwe."

Trekta halikusonga. Siku hiyo mashine ilikausha mahindi ya majirani zake, na mvua ilipofika ilikuta turubai tupu. Mama akaniambia nibaki. Msimu haujaisha, wafugaji wa Kapseret nao wakanitafuta kwa ajenti wao wa maziwa. Sikutafuta kazi tena, ilinitafuta.

Siku niliyowalipa wote, nilianzia dukani, nikapeleka meza kanisani, nikamalizia kwa shemeji. Alitoa simu, akafungua zile picha, akalinganisha laptopu upande kwa upande.

"Na chaja ni ile ile?"

"Ni ile ile, shem."

Akaiwasha kwanza, nikiwa nimesimama mlangoni. Nilingoja hadi ikawaka. Hata mimi ningeiwasha.