Siku Tekla Aliposhushwa Mlimani

Iko siku moja, mwanangu, ambayo hainitoki. Mengine yananitoka sana. Nasahau nilipoweka miwani, nasahau kama nimekunywa dawa ya presha, na juzi nilikwenda Msamvu kumpokea shemeji yangu, nikafika stendi ndipo nikakumbuka kwamba sikumuuliza anakuja na basi gani. Lakini siku ile ya masika nikiifikiria, hata vidole vya miguu vinaukumbuka utelezi wa ule udongo.

Siku hizi nimestaafu. Tunaishi hapa mjini Morogoro, mimi na mke wangu Tekla, katika nyumba inayotazama milima. Asubuhi namwagilia mchicha, nafagia uwanja, kisha naketi na chai yangu nikiyaangalia mawingu yanavyojikokota juu ya Uluguru. Tekla hunicheka. Husema naitazama milima kama mtu aliyekuja kuiona mara ya kwanza. Ni kweli. Mtu akishaona nilichokiona kule juu, hawezi tena kuitazama kwa mazoea.

Wakati huo nilikuwa kijana wa genge la reli, kule Kisaki. Kazi yetu ilikuwa kunyanyua mataruma yanayolala chini ya reli, kutoa mabovu na kuingiza mapya, kutwa nzima juani. Shingo yangu ilikuwa nene, kifua kimejaa, na sikuwa na shaka kwamba jambo lolote la duniani linalotaka nguvu, mimi nalimudu. Kwetu hasa ni juu, ukishapita Matombo unaendelea kupanda, huko ambako chungwa likikudondoka mlangoni unakwenda kuliokota kwa jirani wa chini. Tekla alikuwa huko, na mimba yetu ya kwanza. Siku zake zilipokaribia nikaomba likizo, nikapanda lori mpaka lilipokwama kwenye tope, nikamalizia kwa miguu.

Nilimkuta uchungu umeshaanza. Bibi Agata, mkunga aliyewapokea karibu watoto wote wa upande wetu wa mlima, alikuwa naye ndani. Jua likazama, kukakucha, mtoto hajaja. Asubuhi Bibi Agata akatoka, akanawa mikono polepole kama mtu asiyetaka kumaliza kunawa. Hakunitazama mimi. Alimtazama mjomba wangu Fabiani, kwa maana kwetu Waluguru mjomba, kaka yake mama, ndiye mwenye kauli ya mwisho katika mambo ya ukoo.

"Mtoto amekaa vibaya," alisema. "Mimi nimefika mwisho. Mpelekeni chini misheni, wao wana gari la kumfikisha hospitali mjini. Na msikae."

Chini, mwanangu! Bibi Agata alilitamka hilo neno kirahisi, lakini barabara haikufika kwetu siku hizo. Ilikuwa njia ya miguu, bonde kwa bonde, na mvua ilikuwa haijakatika siku nyingi. Tulikata miti miwili mirefu, tukafunga blanketi katikati kwa kamba, ikawa machela. Tukamlaza Tekla. Nikashika mbele, mimi na binamu yangu, vijana wengine wawili wakashika nyuma.

Kabla hatujatoka, mama yangu alikwenda ukingoni mwa uwanja, pale mteremko unapoanzia, akaweka viganja mdomoni, akaita kama kwetu wanavyomwitia mwenye uchungu wa kuzaa.

"Mama mzazi anashuka! Mama mzazi!"

Ukungu ulikuwa umefunika bonde lote, huoni hata mgomba wa jirani. Kisha kutoka ng'ambo ikaitika sauti ya mwanamume nisiyemjua. Baada yake ikasikika nyingine, mbali zaidi, ikiyasema maneno yaleyale, na nyingine tena chini yake. Wito wa mama yangu ulikuwa unashuka mlima mbele yetu, kutoka kilima hadi kilima, mpaka masikio yangu yakashindwa kuufuata. Nywele zilinisimama. Nimezaliwa kule, wito kama ule nimeusikia tangu utotoni, lakini sikuwahi kuwa mimi ninayeitiwa.

Tulipofika kwenye nyumba za kwanza, watu walikuwa wamesimama njiani wanatungoja. Wanaume wamekunja suruali, majembe wameyalaza pembeni. Hawakuuliza ni nani. Walikuja moja kwa moja wakaingiza mabega chini ya miti, wenzangu wakapokewa. Aliyekuja upande wangu nilimkataa.

"Niache, kaka. Mimi nina nguvu."

Nyumba zilizofuata nikakataa tena. Kila nikisikia Tekla analia nyuma ya kisogo changu nilizidi kuung'ang'ania ule mti. Niliona kama nikiuachia nitakuwa nimemwachia yeye. Damu ilikuwa inanitoka begani, na mimi nikaona ni sawa, acha itoke. Tukafika kwenye mteremko mmoja mkali wa udongo mwekundu. Mguu ukanitoroka. Goti likapiga chini, machela ikainama, na Tekla akatoa sauti ambayo sitaki kuisikia tena.

Waliokuwa nyuma waliishika. Hakuanguka. Mjomba Fabiani akaja mbele yangu, maji yanamtiririka usoni.

"Toka hapo," akasema.

"Mjomba, huyu ni mke wangu."

"Najua ni mke wako, mimi ndiye niliyekwenda kumposa. Toka." Hakupandisha sauti, mjomba hakuwa mtu wa kupiga kelele. "Watu hawa wameacha mashamba yao wamesimama mvuani. Wewe unawaambia waondoke? Ukianguka naye, hizo nguvu zako tutazifanyia nini? Hii njia humbebi peke yako, mwanangu. Hakuna aliyewahi kuishuka peke yake na mgonjwa."

Nikatoka. Mtu nisiyemfahamu akaweka bega lake pale lilipokuwa langu, na machela ikaondoka. Nilibaki na mikono mitupu, naona aibu kama mtu aliyevuliwa nguo. Lakini kwa kuwa sasa sikuwa na mzigo, niliinua macho. Hapo ndipo nilipoona.

Niliona mama mmoja ana mtoto mgongoni, anatembea ubavuni mwa machela ameshika jani la mgomba juu ya uso wa Tekla ili mvua isimpige. Jani lilipochanika, mama mwingine alikuwa ameshakata jingine. Niliona mzee ambaye miguu yake haikuwa na uwezo wa kubeba chochote, ametangulia mbele na jembe, anachonga vikanyagio kwenye tope, mmoja baada ya mwingine, ili wabebaji wasiteleze. Niliona mabega yanavyobadilishana bila machela kusimama: hili linaingia, lile linatoka, na aliyetoka anasimama njiani anatuangalia mpaka tunapotea kwenye kona, kisha anarudi kwenye jembe lake. Hakuna aliyesema pole ndefu. Hakuna aliyeuliza ni wa ukoo gani, ni wa kanisa au wa msikiti.

Ndivyo tulivyofika mtoni. Ni mto mdogo tu, kiangazi watoto wanauruka. Siku ile ulikuwa umepanda, maji ya rangi ya chai ya maziwa yanabeba magogo, na lile daraja letu la miti halikuwepo. Nikaketi kwenye jiwe. Kusema kweli nilikata tamaa.

Ng'ambo kulikuwa na watu, wake kwa waume. Mbele yao alisimama Mzee Shomari. Nikwambie juu ya huyu mzee: yeye na Mjomba Fabiani walikuwa na ugomvi wa mpaka wa shamba la migomba, ugomvi wa miaka, umefika kwa wazee, umefika kwa mwenyekiti wa kijiji, hata salamu walikuwa hawapeani. Mjomba alipomwona alitazama pembeni.

Mzee Shomari alivua kofia yake, akampa mtu amshikie, akaingia majini. Nyuma yake akaingia mwingine, akamshika kiunoni, na mwingine, na mwingine. Wa kwetu nao wakaingia kutoka upande huu, na mimi nikiwemo, tukakutana katikati. Tukajipanga safu mbili kutoka ukingo hadi ukingo. Mzee Shomari alikuwa amesimama pale penye kina, maji yanamfika kifuani.

"Kichwa cha mgonjwa kitangulie," alisema. "Mleteni taratibu. Msimtazame yeye, tazameni miguu yenu."

Machela ikapita juu ya vichwa vyetu. Mikono ikaipokea na kuipeleka, ikaipokea na kuipeleka. Ilipopita juu yangu niliigusa kwa muda wa pumzi moja tu, na haikuwa nzito. Yule mke niliyekaribia kuanguka naye alikuwa mwepesi kama nguo. Mwanangu, mimi nimeona mambo kazini, nimeona mashine zinazonyanyua behewa zima la treni. Sijaona kitu kama kile.

Ng'ambo, Mjomba Fabiani alisimama mbele ya Mzee Shomari aliyekuwa anakamua shati lake.

"Ahsante, bwana," mjomba akasema.

"Habari ya mpaka iko palepale," akajibu mzee. "Lakini hii ni ya leo. Nendeni, mnachelewa."

Tulifika misheni, gari likampeleka mjini, akafanyiwa upasuaji. Nilikaa kwenye korido na matope yamenikaukia mpaka shingoni, akatoka nesi akaniambia nina binti. Mama na mtoto wazima. Tulimwita Veronika. Leo ni mama wa watoto wake, anaishi upande wa Mzinga, na sauti yake ukiisikia utafikiri ni Tekla.

Tekla mwenyewe anasema nasimulia habari hii kana kwamba mimi ndiye niliyekuwa na uchungu. Lakini alipozinduka hospitali, jambo la kwanza aliloniambia lilikuwa hili: "Nilifikiri nimekufa. Kila nikifumbua macho naona sura nyingine juu yangu. Sura nisizozijua, nyingi, zimelowa, zinaniangalia vizuri. Nikasema, basi hawa ndio watu wa huko, wamekuja kunipokea. Nikaacha kuogopa."

Mpaka leo akilisema hilo natafuta kitu cha kufanya na mikono yangu.

Mvua zilipoisha nilipanda tena, nimebeba chumvi na sabuni. Nilitaka kupita kila nyumba niwashukuru. Nikaanzia kwa Mzee Shomari, akapokea sabuni yake akaniuliza mtoto ananyonya vizuri. Ila wengine, mwanangu, sikuwajua, nao hawakunijua. Nilifika kwa mama mmoja aliyekuwa anaanika maharage. Nikamsalimu shikamoo, nikamweleza kwamba nimekuja kumshukuru kwa yule mgonjwa aliyeshushwa wakati wa masika.

Akafikiri. "Yupi?" akauliza. "Masika hii tumeshusha wengi. Yule wa mguu?"

"Hapana, mama. Mama mzazi."

"Ahaa. Alipona?"

"Alipona. Na mtoto yupo."

Alifurahi mpaka akaketi chini. Alipiga makofi, akamwita mwenzake wa nyumba ya pili, "Njoo usikie, yule mama mzazi alipona!" Walikuwa hawajui. Walimbeba, wakampokeza kwa wengine, wakarudi mashambani, na hakuna aliyerudi kuwaambia kilichotokea. Nilisimama pale na sabuni zangu mikononi.

Sasa ninyi mna simu, mna bodaboda mpaka kule juu, na barabara imefika mahali ambapo sisi tulikuwa tukipita kwa magoti. Mshukuruni Mungu, sisemi kwamba shida ni nzuri. Ninachokuomba ni hiki. Ukiitwa, toka. Usiulize kwanza ni nani, wala usingoje mpaka ugomvi wenu uishe, ugomvi utaukuta. Kama bega lako halina nguvu, kata jani umfunike mgonjwa. Na siku zamu yako ya kubebwa itakapofika, maana itafika, hata uwe na kifua kama changu cha wakati ule, usiwafukuze watu. Waachie washike. Halafu ukipona, rudi uwaambie kwamba umepona. Wanafurahi sana kusikia.

Nenda salama, mwanangu. Mungu akujalie nyumba yenye vilio vya watoto wachanga, miguu isiyoteleza kwenye mteremko, na popote utakapolala hoi, ukifumbua macho ukute juu yako sura za watu wanaokutakia mema.