Mita Ilipohamia Getini

Mita ya stima ilikuwa sebuleni kwa mama, pale Umoja, ukutani juu ya kiti chake. Wapangaji wa vyumba vya nyuma waliingia humo kutia tokeni, na fyuzi ikiungua waliingia tena, na matope viatuni. "Hii ni nyumba ama ni steji ya matatu?" mama aliwafokea, huku akiwamiminia chai. Mimi nilichoka na hayo malalamiko.

Tulipokarabati nyumba, nililazimisha mita ihamishwe. Fundi aliipeleka nje, kando ya geti, akang'oa kisanduku kikuukuu cha fyuzi na kuweka kipya, kila chumba na swichi yake. Nilijiona mtoto wa maana sana.

Jumapili moja nilimkuta mama kwenye kiti kilekile, mlango wazi. Juu yake ukuta ulikuwa mweupe, umepakwa rangi, hauna hata alama. Chupa ya chai ilikuwa mezani, na vikombe vyote vikavu. Redio za wapangaji zilikuwa zikilia huko nyuma.

"Si sasa umepumzika, mama?" nilimwambia.

Alitazama mlangoni, akaniuliza:

"Kwani wapangaji wote walihama?"