Mfuko Uliotiwa Wanga

Nakumbuka siku moja pale Homa Bay, mwanangu, mashine ya kufyonza vumbi ilipogoma, na watu wawili waliopendana wakanyamaziana mpaka nusura mume wangu apoteze kibarua.

Ilikuwa miaka michache baada ya uhuru. Mume wangu, Odhiambo, alitunza nyumba ya wageni ya serikali, nasi tulikaa katika kijumba nyuma yake. Nyumba ile ilikuwa na zulia lililopigiliwa misumari sakafuni, na mashine ya kulisafishia, iliyotumia umeme wa jenereta. Mkubwa wake alimwambia mapema kwamba ikiharibika mikononi mwake, arudi kwao akalime. Basi Odhiambo akailea ile mashine. Mimi nilikuwa nimejifungua juzijuzi tu, na kuna siku niliionea wivu.

Mama yangu akaja kutoka Magunga kumwona mjukuu. Wewe wa siku hizi unakula meza moja na mama mkwe wako, mnataniana. Kwetu Wajaluo wakati ule mama mkwe, maro, hakutazamana na mkwewe usoni, hakula naye, wala hakulala chini ya paa lake. Mama alilala kwa jirani, mchana akashinda jikoni kwangu, na kila Odhiambo alipopita alijifunika leso akageukia ukuta. Hata nguo zake asingezigusa. Na jinsi alivyompenda! Alitafuta njia ya kumtendea jambo jema, asiipate.

Ndipo Odhiambo akaniletea ule mfuko wa kitambaa wa mashine, unaoshika vumbi, akaniomba niukung'ute. Mama akaninyang'anya. Mfuko si nguo ya mkwe, ama? Akaufua, akautia wanga wa muhogo, akaupiga pasi ya makaa mpaka ukasimama wenyewe kama kaptula ya askari. Enzi zile tulitia wanga kila kitu. Odhiambo aliusifu sana alipoufunga.

Kesho yake wageni kutoka Nairobi walikuwa wafike jioni. Odhiambo akawasha mashine. Ikanguruma kama kawaida, lakini makombo yakabaki pale pale kwenye zulia. Akaitoa nje, akaiweka kwenye benchi mbele ya jiko langu. Akachungulia mpira wake wa kuvutia vumbi huku na huku, akakuta uko wazi. Akatoa nywele zilizojizungusha kwenye brashi. Bado.

"Nyar Magunga," akaniita, yaani binti wa Magunga, jasho linamtoka, "ni mota. Mota imekufa. Wacha niifungue."

Hakuwa amewahi kufungua mota maishani mwake. Akashika bisibisi.

Mama aliyaona yote kupitia mlango wa jiko. Mambo ya mashine hakuyajua, ila ya nguo aliyajua. Nilimwona anafungua mdomo, anaufunga, anaufungua tena. Nikadhani tumbo linamsumbua. Skrubu ya kwanza ikatoka, ya pili ikatoka. Mwishowe akamchukua mtoto mapajani pangu, akamgeuza atazame mlangoni, akamwambia kwa sauti ya kusikika:

"Mjukuu wangu, mwambie baba yako ule mfuko niliutia wanga. Shati la namna hiyo halipitishi hata upepo, mtu anachemka ndani. Sasa hiyo mashine itapumulia wapi?"

Mtoto akapiga chafya. Odhiambo akaweka bisibisi chini. Akautoa mfuko, akaupuliza kwa mdomo mpaka mashavu yakavimba, na hewa haikupita. Alicheka hadi akakaa chini. Kisha akajibu, akiwa bado ametugeuzia mgongo:

"Mwanangu, mwambie dani, bibi yako, asante. Leo ameokoa kazi yangu. Lakini mfuko huu aniachie mimi."

Mama alichekea ndani ya leso mpaka machozi yakamtoka. Tukaufua mfuko kwa maji moto mpaka wanga wote ukaisha, tukauanika juani. Ulipokauka, mashine ilivuta kila kombo, ikataka na pindo la leso yangu. Wageni walifika wakakuta zulia safi, wasijue lolote.

Baadaye nilimuuliza mama mbona alichelewa vile. "Niliona aibu, nyathina, mwanangu," akasema. "Nikajidanganya kwamba ni heshima."

Mwanangu, waheshimu wakwe zako, na mkubwa wako kazini, na huyo unayelala naye kitanda kimoja. Lakini ukimwona mtu anahangaika kutafuta kosa ambalo wewe unalijua, sema kabla hajafungua mota. Ukishindwa kumwambia usoni, mwambie mtoto, mwambie hata ukuta, mradi asikie. Na ukiwa wewe ndiye unayeambiwa, anza na asante, hata kama aliyekusaidia ndiye aliyekuharibia.

Haya, nenda salama. Mungu akujalie nyumba yenye vicheko, wakwe wanaokupenda bila kunong'ona, na mdomo unaofunguka mapema.