Zablon Hajatoka Maktaba

Niliandika jina la marehemu ili nipate waifai. Naanza na hilo kwa sababu mtaniuliza tu, na afadhali mnicheke sasa kabla hatujafika mahali pa kunyamaza. Hii kitu ilifanyika. Ilinifanyikia mimi, likizo ya Agosti mwaka jana, mchana, jua likiwa nje. Wale wa kusema nilikuwa nimevuta kitu, pole, siku hiyo hata chai sikuwa nimekunywa.

Maktaba yenyewe iko upande wa Kibera, si mbali na Nyayo Highrise. Sisi tunakaa Kawangware, pale panaitwa Kongo, kwa hivyo ni mwendo wa saa nzima kwa miguu. Mathe, yaani mama yangu, alijua naenda kutafuta karatasi za mitihani ya zamani, na kweli nilikuwa nazitafuta, kama dakika nne hivi. Zilizobaki zilikuwa za mabao na vichekesho, nikivuta kwa simu niwapelekee maboyz wa ploti.

Lakini maktaba ina sheria. Mlangoni kuna kitabu kikubwa. Unaandika jina lako na saa ya kuingia, unapewa kikaratasi chenye namba ya waifai, na hiyo namba inakufa baada ya saa moja. Ukienda, unaandika saa ya kutoka, kwa mkono wako mwenyewe. Kila mtu kikaratasi kimoja kwa siku, basi.

Siku hiyo saa yangu iliisha video ikiwa imefika asilimia tisini na sita. Wewe ungefanya nini? Mimi niliandika kwamba nimetoka, nikajificha nyuma ya vyoo, nikavua sweta ya shule, nikangoja yule mama wa mlangoni aende lanchi. Akaja kijana mwingine asiyenijua. Nikashika kalamu, na kichwa kikakataa kuleta jina. Unajua vile mtu anakuambia utaje mnyama yeyote na unasahau hata ng'ombe? Jina la kwanza lililokuja ni lile nililokuwa nimelisikia kwa spika wiki nzima. Zablon Andati.

Zablon alikuwa fundi wa viatu, jirani yetu wa mlango wa tatu. Hakuwa na bibi wala mtoto. Alikuwa amekufa siku kumi kabla, na kila jioni watu wa magharibi walikusanyika hapo nje kupanga vile atapelekwa nyumbani Kakamega. Picha yake ilikuwa mezani, ile ya kitambulisho iliyokuzwa, amekodoa macho kama mtu aliyepigiwa honi. Viatu vyangu alikuwa amevishona mara tatu. Na mimi nikachukua jina lake kama mtu anachukua kalamu ya mwenzake.

Yule kijana wa mlangoni akalisoma, akaniambia karibu mzee Zablon, akacheka kwa sababu sina hata ndevu. Mimi pia nikacheka.

Nikakaa meza ya kona. Video ikafika mia. Ndipo nikasikia harufu ya gundi, ile gundi ya viatu inayopanda mpaka kwa macho. Mtu alikuwa amekaa mbele yangu, amevaa dastkoti ya bluu, mikono juu ya meza, kucha nyeusi kwa polishi. Uso sikuuangalia. Nani huangalia nyuso za wazee maktaba? Nilidhani ni mmoja wa wale wa kusoma magazeti.

Akaniuliza kwa sauti ya chini kama simu yangu inaweza kutafuta mtu. Nikamwambia inaweza kumtafutia hata yule mpenzi wake wa darasa la saba. Hakucheka.

"Basi nitafutie jina langu," akasema. "Nione kama limebaki mahali."

"Jina gani, mzee?"

"Hilo uliloandika pale mlangoni."

Niamini, damu ina uzito. Niliisikia ikishuka yote mpaka kwa soksi. Nikainua macho, na ni yeye, na macho ni yale ya picha. Mnafikiri ningekimbia? Hata mimi nilifikiria hivyo kila nikisikia hadithi za wengine. Miguu haikuwa na habari na mimi. Kwa hivyo nilifanya kitu cha pekee ambacho vidole vilijua kufanya. Nikaandika jina lake kwa simu.

Wakaja akina Zablon wengi. Kulikuwa na mchungaji, na mchezaji mpira, na mtu anayeuza mashamba. Akina Andati pia walikuwako. Yeye hakuwako. Nikamgeuzia simu. Akasoma polepole akifuata mistari kwa kidole, na kidole kilipita juu ya kioo bila maandishi kusonga.

"Siko," akasema, vile mtu husema akitoka kuangalia matokeo ubaoni. "Limebaki kwa hicho kitabu tu." Halafu akaniangalia. "Mama yako amebakisha miezi mingapi?"

Sasa, hiyo mimba kwetu haikuwa ikitajwa. Ile ya kabla yake mtoto alikaa siku nne tu akaenda, na tangu hapo mathe alikuwa hanunui hata shali, asije akaonekana ana haraka. Pale maktaba sikuwa nimemwambia mtu. Ningenyamaza. Lakini huu mdomo wangu, ambao umenipeleka ofisi ya deputi mara tano muhula mmoja, ukajibu wenyewe.

"Miwili. Kwani unataka kuzaliwa?"

Ilikuwa mzaha. Mzaha wa woga, mnaujua, ule unatoka kama jasho. Yeye akaniangalia kama mtu aliyefunguliwa mlango.

"Umenikaribisha?"

Nilitikisa kichwa. Hadi leo sijui kama nilikitikisa cha ndiyo au cha hapana. Nilipopepesa macho, kiti kilikuwa kitupu na gundi ilikuwa bado hewani.

Nikatoka mbio. Yule kijana akaniita, mzee Zablon, andika umetoka kwanza. Nikachukua kalamu. Haikuandika. Nikaijaribu kwa kiganja, ikaandika vizuri. Nikairudisha kwa kitabu, hakuna. Akanipa nyingine, hakuna. Kijana alikuwa anacheka, halafu akaacha kucheka, akaniambia niende tu.

Miezi miwili nilinyamaza, mimi ambaye sijawahi kunyamaza dakika mbili. Mathe akajifungua mvulana, mzima, na makelele yake. Siku ya pili akakataa ziwa. Akalia mpaka sauti ikawa ya kukwaruza. Daktari akampima, akasema haoni ugonjwa, lakini mtoto alikuwa anaisha tukimwona, na mathe akaanza kuangalia ukuta vile aliuangalia mara ile nyingine.

Kukhu wangu, mama yake mathe, alikuwa amefika kutoka kijijini. Akasema mtoto hana njaa wala homa, ana mtu anayedai jina. Kwetu mtoto huwekwa kwa ziwa, halafu wafu wa ukoo wanatajwa mmoja mmoja. Atakaponyamaza anyonye, jina lake ni hilo. Wakaanza. Babu akatajwa, na ndugu zake, na shangazi zake wote, na hata mjomba aliyekufa kwa pombe. Mtoto akalia tu. Majina yakaisha. Kukhu akashika kichwa.

Nilikuwa nimesimama na beseni la maji. Nikasema, kwa sauti ndogo ambayo sikuijua kuwa yangu, "Jaribuni Zablon Andati."

Kilio kikakatika. Halafu tukasikia mtoto akimeza.

Kukhu akanigeukia. "Huyo si wa kwetu. Nani amemwita?"

Nikasema yote, mabao, sweta, kalamu, mzaha.

Sasa Zablon wetu ana miezi kumi na ni mnono. Anatambaa, na hapiti kiatu cha mtu mlangoni. Anakigeuza kwanza aangalie soli. Maktaba nimerudi mara moja, kuangalia kile kitabu, na saa ya kutoka bado iko wazi. Kwa hivyo wewe unayesoma, saa yako ikiisha, imeisha. Video itangoja. Andika jina lako, hata kama ni baya, na usikaribishe mtu kwa mdomo kama hujauliza wenye nyumba.

Jioni ile niliyosema yote nilingoja kofi, nikiwa bado na beseni. Mathe hakuniangalia. Alikuwa anamfuta mtoto midomo na upande wa leso. Alisema hivi, neno kwa neno:

"Utamwita kwa heshima kila siku. Na akikua akuulize jina lake lilitoka wapi, usithubutu kumwambia lilitoka kwa mzaha."