Polepole na Njia Isiyo na Ngazi

Alikuja kupanga chumba cha uani akiwa na begi moja la nguo na vioo viwili vyeusi vilivyofungwa ndani ya shuka. Nikajua huyu ni mwizi wa madirisha. Nikamkaribisha hivyo hivyo, maana chumba kilikuwa tupu, na mwizi anayekuja mchana kweupe, tena anavua viatu mlangoni, si wa kuogopwa sana. Kumbe vile vioo vilikuwa vya kompyuta. Siku ya kwanza alipovitoa nje kuvifuta vumbi, jogoo wangu akajiona ndani, akavimba shingo, wakapigana yeye na yeye mpaka akapoteza mkia. Hadi leo akipita mlango ule anapita kiubavuubavu.

Kazi yake ilikuwa kutengeneza tovuti. Nikamuuliza tovuti ndiyo nini. Akanyamaza. Huyu binti ukimuuliza kitu unaweza kubandika chai, ikachemka, ukaimimina, ukainywa, naye ndiyo kwanza anafungua kinywa.

"Ni kama duka lisilofungwa, bibi," akasema hatimaye. "Mtu yuko kwake, anachungulia kwa simu, anaona mnafanya nini, mko wapi na mnapatikanaje."

Kwa kunyamaza kule nikampa jina la Polepole, na jina likamkaa kama kofia aliyopimiwa.

Ili umjue Polepole vizuri, lazima kwanza nikupe habari za mwanangu wa mwisho, ambaye nyumbani tunamwita Kitinda. Huyu ni fundi wa viti vya magurudumu. Kiti kimelegea gurudumu, breki haishiki, pa kuwekea miguu pamevunjika, kinaingia kwake kinalia na kutoka kinateleza. Kuna kimoja alikitia mafuta vizuri kupita kiasi. Mwenye kiti, mzee mmoja, akapiga chafya tu, akajikuta kwa majirani. Hilo nililiona kwa macho yangu, na anayebisha akamuulize yule mzee, kama ameshasimama.

Karakana yake ilikuwa barabara kuu, kwenye jengo linalojulikana na kila mtu. Jengo likabomolewa kupisha barabara pana, naye akahamishia vyuma vyake vyumba vya mbele vya nyumba yangu, huku nyuma ya mashine ya kusaga unga, ndani kabisa ya vichochoro. Hapo ndipo balaa lilipoanza. Wateja wa mwanangu si watu wa kuzunguka mitaani wakiulizia. Mtu amejisukuma kwa mikono yake, au amesukumwa na dada yake aliyeomba ruhusa kazini, anafika pale pa zamani, anakuta rundo la matofali. Anageuza, anarudi kwao. Karakana ikawa kimya hadi unasikia kutu inavyotafuna vyuma.

Mwenye kiwanda cha baiskeli wa mji wa mbali akamwita Kitinda akafanye kazi kwake. Mwanangu akajibu kwamba mvua zikiisha na wateja wakiwa hawajarudi, atakwenda. Nikifagia chumbani kwake nikaliona begi chini ya kitanda, limeshapangwa. Wanangu wengine wote wameshatawanyika. Sauti iliyokuwa imebaki ndani ya nyumba ile ni ya nyundo yake. Nililisukuma tu lile begi kwa ufagio, mbali zaidi, hadi likagonga ukuta.

Ikasemwa basi karakana iwe na tovuti, watu wajue ilipohamia. Ungedhani tutambishia hodi Polepole, mlango wake uko pale pale. Wapi. Mkwe wangu, mume wa binti yangu mkubwa, akasema yeye ataweza. Siku hizi zipo tovuti za kujijazia mwenyewe, ya nini kumpa mpangaji jambo la familia. Mkwe wangu ni mtu mwema, lakini ukimwomba kijiko atakuletea kabati.

Sasa sisi ukoo wetu hatuanzi shughuli kabla ya salamu. Mtu akija kuazima kiberiti ataulizia hali za watu wote, hadi marehemu wanakaribia kujibu. Mkwe akaona tovuti nayo isikose adabu. Ukurasa wa mbele akaujaza salamu: kutoka kwa mama mzazi wa fundi, ndiye mimi, kisha baba wadogo, mashangazi, wajomba na wakwe wa pande zote. Kila anayesalimu na picha yake, maana ukimruka mmoja umeshajitafutia ugomvi. Yangu ilikuwa kubwa kuliko zote, nimefunga kilemba cha kijani, na nilikuwa nimetoka vizuri, sitasema uongo. Akaongeza muziki unaoanza wenyewe na maandishi yanayotembea kama siafu. Chini kabisa, baada ya shemeji wa mwisho, ndipo ilipokaa namba ya simu.

Siku ya kuizindua tulikusanyika wote. Kile kiduara cha kusubiria kwenye simu kikazunguka, kikazunguka. Kuku wangu aliyekuwa anaatamia akaangua, vifaranga wakaota manyoya, ndipo paji la uso wangu likaanza kujitokeza. Tukapiga makofi hivyo hivyo. Polepole alikuwa uani akianika nguo, na mkwe akamwonyesha kwa fahari. Akatazama, kisha akauliza kama kuna mtu wa nje ambaye ameshaijaribu kwa simu yake. Mkwe akamjibu kwamba watu wa nje watazoea. Polepole akarudi kwenye nguo zake.

Mvua zikaanza kupungua. Simu ya karakana haikulia.

Asubuhi moja Polepole anatoka sokoni, akapita kwenye lile rundo la matofali. Akamkuta mama mmoja, msuka vikapu, ameketi kwenye kiti ambacho gurudumu moja limeinama kama kofia ya mlevi. Manyunyu yanamwangukia, simu iko mkononi, kiduara kinazunguka. Polepole akachungulia, akalitambua paji la uso wangu kwenye kioo. Akaweka kapu la sokoni mapajani kwa yule mama, akamleta, nusu akisukuma, nusu akibeba, hadi mlangoni kwetu.

Siku hiyo mkwe naye alikuwepo. Yule mama akapewa chai, akanywa, akainua simu yake tuione.

"Nimesalimiwa na ukoo mzima," akasema. "Nawashukuru. Bando langu limeishia kwa mjomba mwenye miwani, na bado nilikuwa sijui mko wapi."

Hakuna aliyecheka. Mimi nilicheka, lakini ndani ya kikombe. Kitinda alikuwa ameshapiga magoti penye gurudumu na hakuinua kichwa. Mtoto uliyemzaa unamsoma hata kwa masikio. Alikuwa akilishika lile gurudumu kama mtu anayeaga.

Nikaacha kucheka.

Mkwe akakohoa, akamwambia Polepole haya basi, wewe ungefanyaje. Polepole hakumjibu yeye, akamgeukia mgeni. Akamuuliza alipoifungua ile tovuti alikuwa anatafuta nini kwanza. Yule mama akasema alitaka kujua tuko wapi, kama leo tupo, na kama atafika bila kubebwa kama gunia. "Basi hayo ndiyo yatakaa juu," Polepole akasema. Nilisubiri aendelee. Akawa amemaliza.

Kesho yake akaazima kiti cha karakana, akakikalia, akajisukuma kutoka barabara kuu kuja kwetu, yeye mwenye miguu yake mizima. Mtaa ukajaa habari kwamba mpangaji wangu amepata ajali. Watu wakaja kunipa pole, wengine na sukari. Niliipokea, sikuwa na nafasi ya kumweleza kila mtu. Njia ya mkato ikamshinda: ina ngazi, halafu mtaro, akakwama hapo mpaka wapakuzi wa magunia wakamnasua. Akarudi barabarani, akaanza upya kwa njia ndefu inayozunguka nyuma ya mashine ya unga. Tambarare hadi mlangoni. Mimi nimeishi hapa tangu meno yangu yako kamili, na sikuwahi kujua kwamba njia yetu moja ina ngazi na nyingine haina. Miguu yangu haikuwahi kuniuliza.

Akapiga picha kila kona, viganja vimejaa malengelenge. Zile picha akazipunguza uzito kwenye kompyuta ili zisile bando la mtu, na kila moja akaiandikia maneno ya kueleza kilichomo, kwa sababu wako wasioona ambao simu huwasomea. Tovuti akaijenga upya pembeni kwanza, kabla ya kuiweka mahali pa ile ya zamani; muziki akautoa, siafu akawafukuza. Mkwe akaambiwa saa za kazi zikibadilika abadilishe siku hiyo hiyo, kwani mtu akija kwa kuamini ukurasa akakuta kufuli, hatauamini tena.

Ugomvi ulikuwa kwenye salamu. Binti yangu mkubwa akasema wajomba wakitolewa hataweza kuwatazama usoni. Nami nikaweka kilemba sawa, nikasema mimi sitoki. Polepole akanyamaza hadi tukaanza kujisikia wenyewe tunavyopiga kelele.

"Bibi," akasema, "mgeni akiingia amechoka, unampa kiti kwanza au unamwitia wajomba?"

Nikavuta kiti, nikakikalia mwenyewe. Salamu hazikutupwa. Zikapewa ukurasa wa ndani, na anayetaka kuwajua wenye nyumba anagusa, anaingia. Picha yangu ikapunguzwa uzito. Mwenyewe sikupunguzwa.

Nilidhani Polepole amemalizana na mimi, kumbe bado alikuwa na kazi na mimi. Alikuwa na simu moja kuukuu yenye ufa, aliyoitunza kwa ajili ya majaribio. Akanisimamisha karibu na tangi la maji, pale ambapo mtandao hununa, akaniambia niifungue tovuti mpya, nimtafute fundi humo. Kisha akaweka mikono nyuma. Mimi kusoma nilijifunzia kwenye mifuko ya unga na sukari, nakwenda herufi kwa herufi. Nikabonyeza picha ya mlango. Nikabonyeza saa za kazi. Nikamtazama anisaidie, akatazama mawingu. Nikamtukana kidogo, kwa adabu.

Akaichukua simu, akaingia chumbani kwake, akatoka baada ya muda. Akasema kitufe cha kupigia simu alikuwa amekifanya kidogo na kukibana karibu na kingine. Kosa ni lake, wala si la vidole vyangu. Safari hii kitufe kilikuwa kipana kama biskuti. Nikakibonyeza. Kule mbele, ndani ya karakana, nikasikia simu inalia.

"Karakana ya viti, karibu."

"Ni mimi, mama yako."

"Mama, uko wapi?"

"Kwenye tangi."

Kisha akaanza kucheka, kicheko ambacho sikuwa nimekisikia tangu jengo la barabarani libomolewe. Nilikisikia mara mbili kwa pamoja, kwenye simu na dirishani. Nikageuza uso kwenye tangi, nikajifanya naangalia maji.

Likabaki jambo la funguo. Jina la ile tovuti na neno la siri la kuingilia vilikuwa kwa mkwe, na neno la siri alikuwa amelisahau. Alikumbuka kwamba ni jina la mbuzi, ila hakumbuki ni mbuzi yupi. Wakawataja mbuzi wote aliowahi kufuga, hai na walioliwa, hadi wakampata. Polepole akahamishia kila kitu kwenye jina la Kitinda, wakatia neno jipya lisilo na mbuzi. Mkwe akashangaa, mtengenezaji anakosaje kujiwekea hata ufunguo mmoja. Polepole akamjibu kwamba yeye ni mpangaji, anaweza kuhama wakati wowote, na haifai karakana ya mtu ifungiwe nje kwa sababu yeye hayupo. Nakala ya tovuti nzima akamwekea Kitinda mahali pengine, na akamfundisha kuirudia kila wanapobadilisha kitu. Hilo nililielewa bila kuelezwa. Mbegu zangu nazo nusu huwa ninaziweka kwa dada yangu.

Mama msuka vikapu ndiye aliyeanza kuusambaza ule ukurasa kwa wenzake. Akaja mzee mmoja aliyejisukuma peke yake. Nikamuuliza amefikaje, akasema ameona picha za kona zote na maneno kwamba njia hii haina ngazi, akajiambia hao wamenifikiria kabla sijafika. Wakaja wengine. Nyundo ikaanza kuniamsha asubuhi, na mimi ninayelalamikia hata pumzi za paka sikulalamika.

Mvua zikaisha. Mwenye kiwanda akapiga simu, nikamsikia Kitinda akimshukuru na kumwambia hapana. Nilipofagia tena nikaliona begi mlangoni mwa karakana. Ndani yake mlikuwa na mipira chakavu ya magurudumu.

Nilimpelekea Polepole sahani ya chakula, nikataka kumshukuru kwa hotuba ndefu, yenye salamu zote. Nikaona nianze na lililo muhimu. Nikamwambia, "Umenirudishia mwanangu." Akanyamaza, na safari hii nami nikanyamaza naye, tukakaa hivyo hadi chakula kikapoa. Hakuhama. Anajua kuwa akihama ni jogoo peke yake atakayefurahi.

Kila asubuhi nasimama kwenye tangi na ile simu yenye ufa, nafungua ukurasa, nabonyeza biskuti yangu. Kazi hiyo nimejipa mwenyewe, ya kukagua kama bado inafanya kazi. Simu inalia kule mbele na nyundo inanyamaza.

"Mama, niko hapa hapa, chumba cha mbele."

"Najua," namwambia. "Endelea na kazi."